Mgonjwa Ndiye Atoaye Imla

Kila aendaye hospitali siku hizi, akifika penye dirisha la mapokezi, mara nyingi hakuti tena lile daftari kubwa lililochakaa pembe zake, bali hukuta kijana ameketi mbele ya kompyuta, naye humwuliza: Jina lako nani? Jina la baba? La babu? Umri? Wakaa wapi? Wengi wetu huyajibu maswali hayo kwa haraka na uchovu, kama mtu alipaye ushuru wa kupita mlangoni, tukidhani kwamba matibabu hasa huanza tukishaingia kwa daktari. Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na khasa vijana ambao ndio wawapelekao wazee wao hospitali, ya kwamba matibabu huanza pale pale dirishani, na ya kwamba neno litamkwalo pale laweza kumwokoa mtu au kumwangamiza.

Kuyaandika mambo yenye haki za watu ndani yake si desturi ya kigeni kwetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, haikuja na habari za vita wala za wafalme. Imekuja kutufundisha namna ya kuandika deni. Humo mwandishi ameamrishwa uadilifu, na mwenye deni ndiye aliyepewa kazi ya kutoa imla, hali ya kumcha Mola wake, bila ya kupunguza kitu katika haki iliyo juu yake. Basi ikiwa fedha, ambayo ikipotea huchumwa nyingine, imewekewa hadhari kubwa namna hii, itakuwaje roho ya mwanadamu?

Matabibu wetu wa kale walilifahamu jambo hili. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyesimamia hospitali za Rayy na Baghdad na kufariki yapata mwaka 925, alikuwa akiandika hali za wagonjwa wake: dalili alizoziona, dawa aliyoitoa, na mwisho wa maradhi ulivyokuwa. Baada ya kufa kwake maandishi yake yalikusanywa yakawa kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi, nacho kikafasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279, na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa muda wa karne nyingi.

Kompyuta ya hospitali, basi, ni daftari lile lile, ila limefunguliwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Mgonjwa akiandikishwa hupewa nambari yake. Daktari akiagiza damu ipimwe, agizo hufika maabara bila ya mgonjwa kubeba karatasi, na jibu humrudia daktari mezani pake. Dawa ikiandikwa huonekana kwa mtoa dawa, na gharama huonekana kwa mshika fedha. Yote hayo hujikusanya chini ya nambari moja, hata mgonjwa akirudi baada ya miaka mitatu, daktari asiyemjua kabisa aweza kuzisoma habari zake.

Zaidi ya hayo, mtambo huu waweza kumkumbusha daktari. Katika mji wa Indianapolis, huko Marekani, Dokta Clement McDonald na wenziwe walianza mwaka 1972 kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta. Mwaka 1976 alitangaza matokeo ya majaribio yake: madaktari walipopewa makumbusho yaliyotolewa na kompyuta, walichukua hatua katika mambo 51 kwa kila 100; wasipokumbushwa, walichukua hatua katika 22 tu. Naye hakuwahukumu madaktari kwa ujinga wala uzembe. Alisema kwamba mwanadamu hakuumbwa kuwa mkamilifu, na mambo ya kukumbukwa yamemzidi uwezo. Kwetu sisi neno hilo si geni, kwani kusahau ni tabia ya binadamu tangu baba yetu Adam, alayhi salaam.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kuziweka habari za wagonjwa katika kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wachunguzi waliupima muda wa wagonjwa kabla ya mtambo na baada yake. Muda wote wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Lakini muda wa mgonjwa kuwa pamoja na wanaomtibu nao ulipungua, tena kwa asilimia 58. Twamwomba msomaji asimame kidogo hapo. Kupungua kwa kungoja ni neema, na anayeijua ni mama aliyekaa bencini toka alfajiri na mtoto mwenye homa mapajani. Lakini mgonjwa apatapo dakika chache za kusema, kila neno lake huwa na uzito zaidi, na kila uongo wake huwa na madhara zaidi.

Kwani mtambo haujui kitu ila alichoambiwa mwandishi. Tutazame majina yetu. Mtoto mmoja huandikwa leo Muhammad, kesho Mohamed, na mwezi ujao Muhamadi. Binti huandikwa Fatma, kisha Fatuma, kisha Fatima. Kwa mama yake mtoto ni mmoja, lakini katika kompyuta waweza kuwa watoto watatu, na kila mmoja ana nusu ya habari. Dawa: chagueni namna moja ya kuliandika jina, nayo iwe ile iliyomo katika cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, na mchunge kadi yenye nambari ya hospitali kama mchungavyo hati ya nyumba.

Lakini kubwa kuliko hilo ni jambo ambalo watu wengi hulifanya na kuliita wema, nalo ni kuazimana kadi za bima. Na tuchukulie mfano. Dada ana kadi, mdogo wake hana. Mdogo augua, dada amwonea huruma, ampa kadi na kumwambia: Sema wewe ndiye mimi. Mdogo atibiwa kwa jina la dada, achomwa sindano ya penisilini, na mwili wake waikataa: avimba uso, pumzi zambana, madaktari wamwokoa kwa taabu. Daktari aandika onyo kubwa ya kwamba mgonjwa huyu asipewe penisilini abadan. Onyo hilo limeandikwa wapi? Katika jina la dada. Baada ya mwaka mdogo huyo apata ajali, aletwa hospitali hajitambui, na jamaa wataja jina lake la kweli. Daktari afungua habari zake, akuta hapana onyo lolote. Onyo lililoweza kumwokoa limo katika kompyuta hiyo hiyo, lakini limelala chini ya jina lisilo lake. Je, huo ulikuwa wema? Tena ni uongo, na ni kula mali ya wenzetu waliochanga katika bima. Anayetaka kumsaidia nduguye na amchangie fedha ya matibabu, au amsaidie kujiandikisha, lakini asimwazime jina lake.

Namna hiyo hiyo ni yule afichaye ya kwamba atumia dawa za mitishamba, au mke afichaye mimba, au mzee aonaye haya kutaja maradhi yake mbele ya mwanawe. Haya ni katika imani, lakini kumwonea haya tabibu mpaka ukajidhuru si katika haya iliyosifiwa. Mzee akiona haya, kijana na atoke nje, amwachie nafasi ya kusema.

Sasa twageukia upande wa pili, kwani wenye kuandika nao wana deni. Siri ya mgonjwa ni amana. Mtumishi afunguaye habari za jirani yake kwa udadisi tu, kisha akazipeleka harusini au barazani, amekhini amana na amesengenya kwa pamoja. Mitambo mingi huandika ni nani aliyefungua habari za nani, na saa ngapi; lakini Mwislamu hangoji kuogopa mtambo, naye ana malaika wawili waandishi mabegani pake. Na wakubwa wa hospitali wajue kwamba wezi wa habari wapo. Mwaka 2018 huko Singapore ziliibwa habari za wagonjwa milioni 1.5, na waziri mkuu wa nchi akiwa miongoni mwao. Mwezi Mei 2017 programu ya uharibifu ilizifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, na maelfu ya wagonjwa wakaahirishiwa miadi yao. Kenya ilitunga sheria ya kuzilinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo ni njema, lakini sheria haikai zamu usiku; akaaye zamu ni mtu, na mlinzi wa mtu ni ucha Mungu.

Bwana Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha yule bwana kumfunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kompyuta hii ni kamba mojawapo. Haiponyi, kwani mponyaji ni Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini anayeikata kamba kwa uongo wake asije akamlaumu ngamia kwa kupotea. Basi jioni ya leo, enyi vijana, kaeni na wazazi wenu, mwandike katika karatasi moja majina yao kamili, nambari zao za hospitali, dawa wanazozitumia, na dawa zinazowadhuru, muiweke mahali panapojulikana na watu wote wa nyumbani. Ni kazi ya nusu saa, nayo ni katika kuwafanyia wazazi wema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape uadilifu waandishi wao, na atujaalie sisi kuwa wakweli tunapoulizwa. Amin.