Manahodha Wengi, Mizani Moja

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii ndiyo hutajwa kwanza kila linapozuka pendekezo la kusimulia hadithi bila msimulizi mkuu: watu wanne au watano wameketi, hakuna aliyeiandaa hadithi, hakuna ajuaye mwisho wake, na kila mmoja anaongeza sehemu yake papo kwa papo zamu yake inapofika. Rai yangu ni kwamba methali hiyo ni ya kweli baharini, lakini haliwahusu wasimulizi wenye kanuni. Duara haliendi mrama kwa kukosa mkuu. Huenda mrama kwa kukosa sheria ambayo kila aliyeketi anaweza kuihakiki mwenyewe. Nasi watu wa ushairi tunayo sheria ya namna hiyo tangu kale.

Wenzetu wa mbali wameifikia hoja hii kwa njia ndefu. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo wachezaji hujivika uhusika, na mmoja wao, kiongozi wa mchezo, huumba ulimwengu, hutunza siri na kutoa hukumu. Baadaye walitokea watunzi waliomwondoa kiongozi huyo: Jason Morningstar kwa Fiasco (2009), Ben Robbins kwa Microscope (2011), Avery Alder kwa The Quiet Year (2013). Katika mchezo huu wa mwisho, karata 52 ndizo majuma ya mwaka mmoja katika maisha ya jamii ya kubuni. Anayefunua karata hukuta swali, naye hulijibu kwa niaba ya wote. Mkuu ameondoka, lakini utaratibu haukuondoka. Umehama kutoka kinywani mwa mtu mmoja na kuingia katika umbo la mchezo.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kulistaajabia jambo hili. Mtoto anayesema "Kitendawili!" haombi ruhusa kwa yeyote, akijibiwa "Tega!" mchezo umeanza. Wenzake wakishindwa, hudai mji, nao humpa: Ifakara, Mombasa, au mji wowote watakaoutaja. Mtegaji huenda huko kwa maneno tu, hujigamba kwa aliyoyakuta, kisha hutoa jibu. Hakuna mwamuzi aliyeteuliwa, wala hakuna anayeuliza nani kaleta sheria. Kadhalika malumbano ya washairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa beti na washairi wa zama zake, na aliyetaka kumjibu alipaswa kuingia katika uwanja wa vina na mizani. Uwanja huo haukuwa mali ya Muyaka. Ndiyo maana mpinzani wake aliweza kusimama humo akiwa sawa naye.

Hapo ndipo ninapotaka malenga wenzangu tutazame upya desturi ya majukwaa yetu. Mathias Mnyampala alituachia ngonjera, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilivyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 viliingia madarasani kwa kishindo. Ngonjera ina sura ya majibizano, lakini mara nyingi mwisho wake umekwisha kupangwa: asiyejua huelimishwa na ajuaye, mbishi hukubali, wote huondoka na kauli moja. Ilifaa kwa kazi iliyokusudiwa, kueneza mawazo ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ila tumeifanya kuwa mfano pekee wa mazungumzo ya kishairi shuleni. Mwalimu huandika, watoto hukariri, mgeni rasmi hupiga makofi. Mtoto hutoka hapo akiwa hodari wa kutamka jibu aliloandikiwa, lakini hajapata kujibu neno asilolitarajia. Nini basi tumemfundisha kuhusu lugha? Kwamba kauli ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Hasara hiyo huonekana zaidi katika mahali kama Chita. Kata hii, iliyoketi chini ya milima ya Udzungwa katika bonde la Kilombero, kusini-magharibi mwa Ifakara, ni nchi ya mpunga na ni nchi ya mchanganyiko. Bonde hili lina Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe na Wambunga. Wamekuja Wasukuma na mifugo yao. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, imeleta wengine. Na kambi ya JKT ya Chita hukusanya vijana kutoka mikoa mbalimbali. Watu hawa hawana bibi mmoja aliyewasimulia wote hadithi ileile. Ukimtafuta msimulizi mkuu miongoni mwao, utakuwa umechagua pia ni kumbukumbu za kabila gani zitakazotawala na za nani zitakazonyamaza. Walicho nacho kwa pamoja ni Kiswahili.

Mahali pa kukichezea papo. Mpunga unapotoa masuke, watu huamia ndege mchana, na usiku hulinda nguruwe wasivamie shamba. Dungu la mlinzi lina nafasi ya watu wachache, giza ni refu, na usingizi ni adui. Kwa dungu la namna hiyo napendekeza mchezo ufuatao, uliojengwa kwa vifaa vyetu wenyewe. Bahari ni pindu, yaani mkufu: maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Kila mshororo una mizani 16, ukwapi nane na utao nane, na vina havibadiliki. Tuseme mchezaji wa kwanza ameanza hivi:

Nimeona mpungani, taa ndogo ikiwaka,
Haikuwa ya jirani, wala moto wa kupika,
Nikashuka kwa makini, mkononi nina shoka.

Huyu amejipa silaha, na bila shaka amekwisha kuuona ushindi wake. Lakini zamu si yake tena:

Nina shoka mkononi, lakini limevunjika,
Umebaki tu mpini, chuma chake kimetoka,
Taa sasa i njiani, yaja kwangu yanicheka.

Mchezaji wa pili hakulikana shoka. Sheria inamkataza kufuta lililokwisha kusemwa. Amelipokea, akaligeuza. Wa tatu atalazimika kuanza na "Yanicheka", apende asipende. Akikosa kina au mizani ikimpungukia, atatoa mji kama katika kitendawili, na hadithi itahamia huko: Mngeta, Mlimba, Mahenge. Kwa hiyo kushindwa hakumtoi mtu mchezoni, bali huipa hadithi mahali papya. Mkufu hufungwa pale mmoja atakapoweza kumaliza ubeti wake kwa maneno yaliyoanza ubeti wa kwanza.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito: pasipo mkuu aliyetajwa huzuka mkuu asiyetajwa. Mwenye sauti kubwa hunyakua hadithi, mzee hukatiza, kijana na mwanamke huishia kuitikia. Ni kweli, na ndiyo sababu siutetei usimulizi huru usio na umbo. Uhuru wa namna hiyo ni wa mwenye mapafu. Ninautetea usimulizi unaobana. Ubeti una urefu wake, na ukiisha zamu imekwisha, hata kama msemaji ni babu mwenye heshima zake. Mizani huhesabiwa kwa vidole, na vidole vya mtoto wa darasa la nne vinahesabu sawasawa na vya mshairi mkongwe. Mtoto akisema, "Shikamoo babu, mizani imezidi moja," hajavunja adabu. Amesoma tu sheria iliyo mbele ya wote. Vivyo hivyo lafudhi ya mtu haipimwi. Hupimwa silabi zake. Aliyekilea Kiswahili nyumbani na aliyekipata shuleni huketi sawa.

Wala sisemi tumnyime bibi kigoda chake. Hadithi ya fanani mmoja ina utamu ambao duara halitaufikia: ina mpango, ina siri iliyofichwa mapema na kufichuliwa kwa wakati wake. Duara lina kingine. Linamzoeza mtu kusikiliza hadi neno la mwisho la mwenzake, kwa kuwa neno hilo ndilo lake la kwanza.

Basi walimu walezi wa vyama vya Kiswahili, muhula ujao wekeni kando ngonjera moja. Waketisheni watoto watano, wapeni kina na neno la kuanzia, kisha ninyi wenyewe kaeni kando. Beti za mwanzo zitachechemea. Mkitamani kuzinyoosha, jizuieni, waacheni wahesabu.