Nani Alipe Matunzo ya Mgonjwa?

Kuna swali moja linaloulizwa kila siku kwenye mlango wa hospitali. Halihusu homa wala kidonda. Ni hili: Nani atalipa? Mara nyingi jibu lake ndilo linaloamua kama mgonjwa atapona au atakufa. Kwa hiyo ni neno la afya, kama vile maji safi na chandarua ni maneno ya afya. Lisome pole pole, kisha ulizungumze na watu wa nyumba yako.

Tazama kwanza namna tunavyofanya sasa. Mtoto anashikwa na homa siku ya kwanza. Mama yake anajua njia ya hospitali, lakini nyumbani hakuna feza. Anangoja. Siku ya pili anamnunulia vidonge vichache sokoni, kwa mtu asiye munganga. Siku ya tatu mtoto anaanza kupumua kwa shida. Siku ya nne anashikwa na degedege. Ndipo baba anauza mbuzi kwa nusu ya bei yake, kwa sababu mnunuzi anajua kwamba ana haraka. Malaria ambayo siku ya kwanza ilitaka vidonge tu, sasa inataka sindano, maji ya mshipani, na pengine damu ya kuongezwa. Malipo yamekuwa makubwa mara nyingi, na mtoto yuko karibu na kufa. Walingoja kwa sababu ya feza, na kungoja kumewamalizia feza.

Tazama tena mama aliyepasuliwa ili azae. Yeye na mtoto wake wamepona, lakini jamaa yake haina kitu. Katika hospitali nyingi za inchi yetu mama kama huyu anazuiwa asirudi kwake mpaka deni liishe. Anakaa wiki baada ya wiki, naye si mgonjwa tena. Watoto wake wengine wanalala njaa, shamba lake linaota majani, na mgonjwa mwingine anakosa kitanda. Sisi tunasema waziwazi: desturi hii ni mbaya. Hospitali si gereza. Lakini haitoshi kulaumu hospitali, kisha kunyamaza. Dawa zinanunuliwa. Wauguzi wana watoto wa kulisha. Mafuta ya mashine ya umeme yanalipwa. Kama kila mgonjwa akiondoka bila malipo, mwaka ujao kabati la dawa litakuwa tupu, na mlango utafungwa kwa watu wote.

Basi, nani alipe?

Wengine wanasema: Misioni na rafiki zake wa ng'ambo walipe. Tunawashukuru kwa yote waliyotoa. Lakini msaada wa mbali una mwisho, na mwisho wake hauamuliwi na mgonjwa. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya msaada wake kwa inchi nyingi, na shirika lake la USAID likafungwa. Hakuna mama wa kijijini aliyeulizwa kwanza. Msaada ni mvua: tuipokee ikija, lakini tuchimbe kisima.

Wengine wanasema: Mwenye kazi alipe. Kwa mtu wa mshahara maneno haya ni ya kweli. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamwagiza mwenye kazi awatunze mfanyakazi wake, na mke wake, na watoto wake, wakigonjwa. Kama una kazi ya mshahara, ujue haki yako na kuidai kwa heshima. Lakini je, mlima mihogo ana bwana gani? Muuza samaki je? Mbeba mizigo je? Watu wengi katika inchi yetu hawana mwenye kazi wa kuwalipia.

Wengine wanasema: Serikali ilipe. Nasi tunakubali kwamba Serikali ina deni. Mwaka 2001 wakuu wa inchi za Afrika walikutana Abuja, katika Nigeria, wakaahidi kuweka kwa ajili ya afya angalau franka 15 katika kila franka 100 za Serikali. Inchi nyingi hazijatimiza ahadi ile. Hata hivyo kuna mwanzo mwema: katika mwezi wa Septemba 2023 Serikali yetu ilianza Kinshasa mpango wa kuzalisha akina mama na kutunza watoto wachanga bila malipo, kisha mpango ule ukapelekwa katika majimbo mengine. Uliza kama hospitali iliyo karibu nawe imo. Tuendelee kuikumbusha Serikali ahadi zake. Lakini homa ya mtoto haingojei bajeti.

Wengine tena wanasema: Mgonjwa mwenyewe alipe, kila mtu na mzigo wake. Neno hili linafanana na haki, lakini si haki. Hakuna mtu anayechagua siku ya kugonjwa. Tunamdai feza siku ile ile ambayo hawezi kulima wala kuchuuza, naye ana maumivu na hofu.

Sisi tunaona hivi: walio wazima walipe, wote pamoja, katika majira ya mavuno, mbele ya ugonjwa kufika, na asiyeweza kabisa alipiwe na wengine na Serikali. Sanduku la namna hii linaitwa mutueli ya afya. Si kitu kigeni kwetu. Tunajua likelemba. Tena mtu akifa, kila nyumba inachanga kwa matanga, hata nyumba iliyo maskini. Mbona tunachanga upesi ili kumzika mtu, na hatuchangi ili asife?

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Katika vijiji vyetu kuna watu 1.000. Tuseme katika mwaka mmoja watu 50 watalazwa hospitalini, na kila mmoja atatakiwa franka 60.000. Jumla ni franka 3.000.000. Ukimwambia kila mgonjwa alipe peke yake, utaziharibu nyumba nyingi. Lakini ukiigawanya jumla kwa watu 1.000, kila mtu atatoa franka 3.000 kwa mwaka. Nyumba ya watu sita itatoa franka 18.000. Si kitu kidogo kwa mkulima, lakini akiuza maharagi yake ataweza.

Sasa angalia hatari. Tuseme watu 200 tu wanaingia, nao ni wale wenye kugonjwa-gonjwa, hata 40 kati yao wanalazwa. Jumla ni franka 2.400.000, na kila mtu atatakiwa franka 12.000. Mwaka wa pili wazima watatoka, malipo yatapanda tena, na sanduku litakufa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mutueli ni hii: nyumba nzima iingie, mkubwa na mdogo, mzima na mgonjwa. Usimwandikishe bibi mwenye pumu peke yake, ukawaacha vijana wako wenye nguvu nje.

Je, jambo hili limejaribiwa? Ndiyo, hapa hapa Kongo. Katika Bwamanda, upande wa kaskazini-magharibi, hospitali ilianzisha mpango wa namna hii mwaka 1986. Mchango ulipokewa mara moja kwa mwaka, katika majira watu wanapouza mavuno yao. Mwaka ule wa kwanza watu 28 kwa kila 100 waliingia, na baada ya miaka kadha walikuwa zaidi ya nusu. Mwanamemba akilazwa alitoa sehemu ndogo tu ya malipo, sanduku likalipa iliyobaki. Mpango ule uliendelea hata katika miaka ambayo feza ya inchi ilikuwa inapoteza thamani. Lakini ulifundisha neno lingine pia: watu waliokaa mbali na hospitali waliitumia kidogo kuliko waliokaa karibu, ingawa walitoa mchango ule ule. Kwa hiyo mutueli isilipe hospitali kubwa tu. Ilipe pia kituo cha afya kilicho karibu, na ifikiri juu ya njia ya kumbeba mgonjwa.

Jirani zetu wa Rwanda walianza kwa kujaribu katika wilaya tatu mwaka 1999, kisha wakaeneza mutueli katika inchi nzima. Mwaka 2011 waliacha kumtoza kila mtu kiasi kimoja. Mwenye mali alipangiwa franka 7.000 za Rwanda kwa mwaka, watu wengi 3.000, na maskini kabisa 2.000, ambazo hakuzitoa yeye, alilipiwa. Hapa pana fundisho kubwa. Mchango wa wanakijiji peke yao haubebi watu wote. Ukiwaacha walio maskini kabisa nje, umetengeneza sanduku la kuwasaidia wale wenye nafuu tu.

Ninyi mnaijua habari ya Msamaria. Alifunga vidonda vya mtu yule, lakini hakuishia hapo. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kurudi na kulipa yaliyozidi. Aliyejeruhiwa hakuulizwa kama ana feza. Basi kanisa lisifikiri kwamba limemaliza kazi yake likiwaombea wagonjwa na kuwatembelea. Mjane asiye na shamba, yatima, na mzee asiye na mtoto, majina yao yaandikwe, na mchango wao utolewe na wenye nguvu. Wakati huo huo tuiombe Serikali iwalipie, kwa maana wao ni raia kama wengine.

Tunasikia mashaka yenu, nayo si ya upumbavu. Mtu anasema: Nilitoa mwaka mzima wala sikugonjwa, feza yangu imepotea. Haikupotea, ndugu. Ilimponya jirani yako. Ukijenga nyumba yenye paa, na mvua isinyeshe mwezi huu, hubomoi paa.

Mwingine anasema: Wakubwa watakula feza. Jambo hili linatokea, na sanduku nyingi zimekufa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo msitoe feza kwa mtu mmoja, hata kama ni mchungaji, hata kama ni munganga. Chagueni kamati, na wanawake wawemo. Kila mwenye kutoa apewe karatasi yenye muhuri. Daftari lisomwe mbele ya watu wote kila miezi mitatu. Tena iko sheria ya mutueli katika inchi yetu, ya mwezi wa Februari 2017. Mutueli yenu iandikishwe kwa kufuata sheria hiyo, ili mwizi awe na mahali pa kushtakiwa.

Mwingine anasema: Nitatoa mchango, kisha nitafika hospitalini na kukuta hakuna dawa, na muuguzi atanikaripia. Hapa sisi wa hospitali ndio tunaopaswa kusikiliza. Aliyelipa mbele asingojeshwe nyuma ya mwenye feza mkononi. Bei ziandikwe ukutani, na pasiwe na malipo ya siri chini ya meza. Tusiandike dawa tano mahali ambapo dawa moja inatosha, kwa kuwa sanduku ndilo linalolipa. Hospitali isiyofanya hivi haistahili kuwaomba watu watoe mchango.

Basi, ufanye nini sasa? Uliza katika kituo chako cha afya kama kuna mutueli, na inalipa nini, na hailipi nini. Uliza pia ni muda gani unaopita baada ya kutoa mchango mbele ya kuanza kusaidiwa, maana mara nyingi kuna wakati wa kungoja. Kama ipo, iandikishe nyumba yako yote mavuno yajayo, kabla ya kununua nguo na mabati. Kama haipo, semeni habari hii katika kutaniko lenu, katika chama cha akina mama, na mbele ya chifu. Mwanzo uwe mdogo, nyumba zenye kujuana, karibu na kituo kimoja kinachoaminika.

Kidole kimoja hakiui chawa. Leo mwili wako ni mzima na mfuko wako una kitu kidogo. Hiyo ndiyo siku ya kulipa. Siku mtoto atakapolia usiku kwa homa, usiwe na haja ya kutafuta mnunuzi wa mbuzi. Mbebe mgongoni, twaa kadi yako, uende.