Daftari la wiki: mwezi wa kweli na mwezi wa simu

Mwezi mpevu umepita, na kila kundi la WhatsApp nililomo limejaa duara jeupe lisilo na sura. Wapigaji hawana kosa. Kamera huona giza limetanda, ikadhani kila kitu kinataka mwanga. Lakini mwezi unaangazwa na jua lile lile linaloanika mpunga wetu mchana. Gusa mwezi kwenye skrini, kisha teremsha mwanga mpaka madoa yake yaonekane. Mwenye kamera aanze na f/11, ISO 100 na 1/100 ya sekunde.

Flashi haifiki mwezini. Ni kilomita 384,000 hivi. Izimeni, mnawaumiza macho waliokaa mbele yenu.

Linaloniudhi kweli ni hili. Mwaka 2023 mtu mmoja alichukua picha ya mwezi, akaitia ukungu makusudi, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa, akaipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikatoa mwezi wenye madoa ambayo mbele yake hayakuwepo. Kampuni ikaeleza kuwa programu yake huutambua mwezi na kuuboresha. Wameeleza, lakini mimi sikubali kuiita picha. Picha ni mwanga uliotoka pale ukaingia hapa, usiku ule, mtu akiwa amesimama.

Na kwa nini tuugombanie mwezi mtupu? Uso wake ni mmoja: ulioonekana Dar ndio ulioonekana Muscat. Kinachoufanya uwe wetu ni kilicho chini yake: mlingoti wa jahazi, mbuyu, paa la makuti. Mpiga picha Ansel Adams alilijua hilo. Mwaka 1941, kijijini Hernandez, New Mexico, aliona mwezi umeshapanda na jua la mwisho likigusa misalaba ya makaburini. Kipima mwanga akakitafuta asikione. Akakumbuka kiwango cha mng'ao wa mwezi, akapiga hesabu kichwani, akabonyeza. Kabla hajawa tayari kwa picha ya pili, jua likaiacha misalaba. Katika picha ile mwezi ni kitone tu, na misalaba ndiyo isiyonitoka akilini.

Anayetaka mwanga wa namna hiyo aende siku moja kabla ya mwezi mpevu. Kwa kawaida siku hiyo mwezi huchomoza jua halijazama, na ardhi bado inaonekana. Akingoja siku zaidi, mwezi utachelewa kwa dakika 50 hivi kila siku.

Tena asisimame Forodhani kungoja mwezi utoke baharini. Mji Mkongwe unatazama magharibi. Aende Paje au Jambiani.



Paje tena. Mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakakupwa mbali, na kina mama wakaingia kwenye mashamba ya mwani. Wiki hii nilimwona kijana mwenye lenzi ndefu akimzunguka mama aliyeinama kufunga mwani kwenye kamba. Mama akavuta ushungi, akampa mgongo. Kijana akahamia upande wa uso. Hapana, jamani! Yule yuko kazini, na maji yakirudi kazi imekwisha. "Shikamoo mama, naomba kukupiga picha," kisha subiri jibu. Akikataa, funika lenzi.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hupumzika mbalamwezi inapokolea, maana taa zao hazivuti dagaa. Picha ya ziwa lililojaa taa ni ya usiku wa giza.

Wasomaji wamekuwa wakiniuliza kuhusu kupatwa kwa mwezi tangu kule kwa Septemba 7, 2025. Andikeni Desemba 31, 2028: muda mfupi baada ya saa moja usiku mwezi wote utakuwa kivulini, na kwetu utakuwa umeshachomoza. Tafuteni stendi mapema. Mwezi mwekundu una mwanga hafifu, na mkono mtupu hutikisika.