Mshahara wa Diwani

Sisi makarani, mshahara wetu una ngazi zake zilizoandikwa, wala hapana karani ajiandikiaye nyongeza. Je, diwani, aendaye barazani mara chache kwa mwezi, yafaa ajipimie mwenyewe?

Tutazame mfano wa mji wa Bell, California, katika Marekani, wenye watu 35,000 hivi, na wengi wao si matajiri. Mwaka 2005 ilipigwa kura ya kuupa mji katiba yake, na kwa kura hiyo baraza likatoka chini ya kipimo cha sheria ya jimbo juu ya mishahara ya madiwani. Waliopiga kura hawakufika 400. Asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times likafunua ya kuwa madiwani wanne kati ya watano walipata karibu dola 100,000 kila mmoja kwa mwaka, na sehemu kubwa ni malipo ya kuketi katika halmashauri ndogo zilizokutana kwa dakika chache tu. Mwaka 2013 madiwani watano wa zamani walitiwa hatiani.

Hatusemi diwani atumike bure. Akitumika bure, baraza litakuwa la matajiri peke yao, na maskini atakosa msemaji. Twasema alipwe posho ya haki, ipimwe na mwingine, na hesabu yake ibandikwe mlangoni pa baraza, mlipa kodi aisome. Nasi siku ya kura tusikae nyumbani.