Siha ya Jamaa: Mwili Hausahau

Tuzungumze juu ya figo, na hasa jambo moja ambalo familia nyingi hulitambua wakati umekwisha kupita.

Mfikirie mama wa Tarime ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Amezaa watoto watano, na katika uzazi mmoja alitokwa na damu nyingi akaongezewa chupa mbili. Mumewe anajitolea figo moja. Makundi yao ya damu yanaafikiana. Hata hivyo daktari anakataa. Kwa nini?

Kila mtoto aliyemchukua tumboni alirithi kwa baba nusu ya alama za chembechembe zake. Mwili wa mama huweza kuziona alama hizo kuwa ngeni, ukatengeneza kingamwili za kuzipiga vita. Damu ya kuongezewa nayo huleta alama ngeni. Si kila mama hupatwa na hali hii. Lakini aliyepatwa, kingamwili hukaa kimya miaka mingi, kisha huishambulia figo ya mume mara inapopandikizwa.

Mwaka 1969 Ramon Patel na Paul Terasaki wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 30 ambao damu yao, katika kipimo, iliua chembechembe za mtoaji. Figo 24 zilishindwa kazi mara moja. Kwa wagonjwa 195 ambao kipimo kilionyesha salama, zilishindwa 8 tu. Ndiyo sababu kipimo hicho kikawa sharti.

Nchini mwetu upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018. Zipo dawa na mashine za kupunguza kingamwili, ila gharama yake ni kubwa. Afadhali kutafuta mtoaji mwingine: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana alama zote na mgonjwa.

Je, tuikatae damu? La, hasha! Damu huokoa maisha. Tupunguze kuihitaji: mtoto wa Mugumu atibiwe malaria mapema, mjamzito ahudhurie kliniki na kumeza vidonge vya kuongeza damu, binti asikeketwe akavuja damu. Na kila aliyeongezewa damu aandike tarehe na hospitali, aitunze karatasi hiyo. Akifika kwa daktari wa figo aieleze, pamoja na mimba zote, hata zilizoharibika.

Mwili hausahau. Nasi tusisahau.