Jina la Ukoo Halifasiriwi kwa Kamusi

Wako wanafunzi ambao wakikutana na jina geni hufungua kamusi, na neno la kwanza linalofanana nalo wakaliita asili yake. Mwendo huu huenda ukafaa kwa Mwingereza aitwaye Smith, maana jina hilo ni mhunzi, wala halina siri zaidi. Walakini Kaaya, Mbise, Nanyaro na Pallangyo, yaliyojaa katika madaftari ya shule za Arusha, ni majina ya koo za Wameru. Hayakutungwa kumsifu mtu mmoja kwa kazi yake. Yalitaja jamii inayojihesabu kuwa ya asili moja.

Nimesikia ikidaiwa darasani kwamba Kaaya ni kaya, na kwa hiyo wenye jina hilo ni wenyeji wa kwanza wa mlima Meru. Hoja hii haina miguu. Neno kaya lasemwa na Wasukuma, na Wanyamwezi, na Wamijikenda wa pwani. Neno lililoenea hivyo haliwezi kuwa shahidi wa ukoo mmoja. Tena Kaaya ni jina la Waganda pia. Je, nao tuwaite Wameru?

Masimulizi ya Wameru wenyewe yanasema jambo jingine: Kaaya, ukoo uliotoa mamangi, na Mbise walitoka Usambara, na koo nyingine zilitoka upande wa Uchaga. Basi maana ya jina imo katika safari hiyo, wala haimo katika silabi zake.

Hata tahajia si ushahidi. Mwandishi Peter Palangyo, aliyetoa riwaya yake mwaka 1968, aliandika jina lake kwa l moja. Wengine huandika mbili. Naye Kirilo Japhet, aliyewasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, alijulikana ulimwenguni kwa majina yasiyotaja ukoo wowote. Mtafiti anayewatambua Wameru kwa orodha ya majina angempita mtu huyu bila kumwona.

Wala kosa hili si dogo. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi ipewe walowezi. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, haifai kumpa mtu uenyeji kwa mlio wa jina. Maana kesho atakuja mwingine na neno jingine la kamusi, amfanye mgeni katika shamba la babu yake.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wetu: fungeni kamusi kwanza, mwende Akeri, Poli na Nkoaranga. Waulizeni wazee kwa Kimeru, mwandike wanayosema, hata yanapopingana. Kamusi itawangoja maktabani, wazee hawatawangoja.