Mbegu Ihukumiwe Nyumbani

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Februari, nilikutwa jikoni kwa mama yangu mdogo huko Kidodi nikipanga punje za mahindi juu ya kitambaa kilicholowa maji. Aliyenikuta ni mwenzangu katika elimu, mtu wa shahada mbili, aliyekuwa safarini kwenda Ifakara akapita kutujulia hali. Alicheka sana. "Bwana," akasema, "hayo ni mambo ya watoto wa shule ya msingi. Mbegu imekwisha pimwa na wenye kazi yao, ina lebo. Kazi yako wewe ni kuifukia." Sikumjibu siku ile, maana mgeni hakabiliwi kwa maneno makali hali tonge li mkononi mwake. Namjibu leo, na jibu langu linawahusu wote wasemao kama yeye, nao si wachache katika vyuo vyetu.

Nadai kwamba hakuna mbegu, iwe ya serikali, ya kampuni au ya marehemu babu, inayostahili kuingia ardhini kabla ya kusimama mbele ya kitambaa hicho. Nadai zaidi kwamba msomi anayemcheka mkulima kwa kuotesha mbegu chumbani anamnyang'anya njia nyepesi kuliko zote ya kukihakiki alichokinunua kwa jasho lake.

Tutazame kwanza jambo lenyewe, kwa sababu dharau aghalabu huzaliwa na kutotazama. Punje kavu ya mahindi ni kiumbe hai kilicholala. Ikipata maji huyanywa hata ikavimba. Ndani yake vimeng'enya huamka na kuanza kuigeuza wanga kuwa sukari ya kukilisha kiini. Mzizi mchanga hutangulia kutoka, kisha chipukizi hufuata. Inataka unyevu, joto na hewa. Mwanga haihitaji kwa wakati huo, ndiyo sababu giza la jikoni linaitosha. Walakini wengi huiharibu kwa wema: huimwagia maji mpaka ikazama, nayo ikakosa hewa ikaoza, kisha wakasema mbegu ilikuwa mbovu. Wengine hawawezi kungoja, kila saa wanafunua kitambaa kuchungulia. Lugha yetu humwambia mbegu "ota" na mwenye usingizi vilevile "ota". Wanaisimu wakitaka watuambie kama hilo ni neno moja au mawili. Mimi najua tu kwamba vyote viwili haviharakishwi.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Huhesabiwa punje 100 zilizochotwa bila kuchagua, maana mkono wa mwenye mali hupenda kuokota zilizonona ili ajidanganye. Hupangwa kumikumi juu ya kitambaa cha pamba kilichokamuliwa, kikakunjwa, kikawekwa penye kivuli, mbali na moto na mbali zaidi na kuku. Siku ya nne huhesabiwa zilizoota, na siku ya saba huhesabiwa tena. Ile iliyotoa mzizi uliopinda bila chipukizi haihesabiwi kuwa mzima. Siku hizo mbili, ya nne na ya saba, hazikutungwa jikoni kwetu: ndizo zinazotumiwa kwa mahindi na Chama cha Kimataifa cha Kupima Mbegu, kilichoanzishwa mwaka 1924. Tofauti ni kwamba maabara hupima punje 400 katika joto lililodhibitiwa. Basi anayemcheka mama yangu mdogo na aanze kwa kuicheka maabara.

Wala maabara yenyewe haikuzaliwa kwa fahari. Kituo cha kwanza cha kupima mbegu kilianzishwa mwaka 1869 huko Tharandt, Ujerumani, na Friedrich Nobbe, baada ya kuzichunguza mbegu zilizokuwa zikiuzwa madukani na kukuta mchanga, magugu na mbegu mfu zimechanganywa humo. Ni hila ya sokoni iliyoizaa sayansi hii. Aliyepimiwa alikuwa mkulima. Leo mkulima huyo huyo anaambiwa asipime.

Sasa niijie lebo, kwa kuwa ndiyo ngao ya wapinzani wangu. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ilikataza kuuza mbegu isiyothibitishwa, na ikaleta Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania, ambayo makao yake yako Morogoro, mkoa wetu wenyewe. Baadaye kanuni zikafungua mlango mdogo kwa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo wakulima wadogo huzizalisha na kuziuza katika maeneo yao. Siibezi sheria hiyo. Wilaya ya Kilosa haiwezi kuibeza elimu ya mbegu, maana kituo cha utafiti cha Ilonga kimetoa aina za mahindi kama Kito na Staha, na Msimba kuna shamba la mbegu la serikali. Lakini lebo husema habari za siku ile mbegu ilipopimwa. Haisemi lolote juu ya miezi iliyopita tangu hapo, katika gunia lililolala chini ya bati la duka kandokando ya barabara ya Mikumi, mahali ambapo adhuhuri mtu hawezi kusimama bila kujipepea. Wataalamu wanayo kanuni maarufu ya Harrington: kila joto la ghala likizidi kwa nyuzi kama 5 au 6 za Selsiasi, maisha ya mbegu hupungua nusu, na kila unyevu wa punje ukizidi kwa asilimia moja, hupungua nusu tena. Hati ya kuzaliwa si ushahidi kwamba mtu yu hai.

Mpinzani atasema, na nakiri ana hoja, kwamba kitambaa hakijui kila kitu. Ni kweli. Hakijui kama mbegu ni ya aina iliyoandikwa. Mlaghai akipaka rangi mahindi ya chakula na kuyatia katika mfuko mzuri, yataota vizuri kabisa juu ya kitambaa, na mkulima atagundua hila wakati wa mavuno. Mbegu chotara iliyorudiwa mwaka wa pili nayo huota kwa furaha, kisha hupunguza mazao. Kwa mambo hayo tunaihitaji maabara, tunamhitaji mkaguzi, tunahitaji na hakimu. Lakini kushindwa kwa kitambaa kuona yote si sababu ya kukifumba lile jicho moja kililo nalo.

Yako mambo mawili yanayoifanya dharau hii ionekane hekima. La kwanza ni miwa. Tangu kiwanda cha sukari cha Kilombero kilipoanza katika miaka ya 1960, macho ya watu wa Kidodi yamezoea mashamba yasiyopandwa mbegu. Muwa hukatwa pingili, pingili hulazwa mferejini, na kila jicho huchipua mmea ulio sawa na mama yake. (Muwa una mbegu pia, ndogo kama vumbi, ila hizo ni za watafiti wanaotafuta aina mpya.) Kijana aliyekulia penye miwa huona kupanda ni kuzika. Wakulima wa mpunga wanaotumia vitalu wangeweza kumfundisha vinginevyo, maana huloweka mbegu kutwa kucha, wakaziengua pepe zinazoelea, wakazivundika guniani siku moja au mbili mpaka ncha nyeupe zitokeze, ndipo wakazimwaga kitaluni.

La pili ni shule. Katika shule ya msingi mtoto hutia haragwe na pamba ndani ya chupa, akaona kwa macho yake likipanda juu na mabawa yake mawili. Akifika kidato cha kwanza, jambo lile lile hurudishwa kwake kwa Kiingereza, likiwa mchoro wenye mishale ya kukariri. Haulizwi tena ameotesha ngapi na zimeota ngapi. Huulizwa jina la sehemu. Ndivyo tulivyopata watu wa shahada mbili wanaojua kuandika habari za kuota kwa mbegu, ila hawawezi kumwambia shangazi yao atie punje ngapi katika shimo.

Na hilo ndilo swali la njaa na shibe. Siku ya saba tulihesabu, mama mdogo na mimi: 58. Tungetia punje mbili kila shimo kama ilivyo desturi, mashimo kama 18 katika kila 100 yangebaki matupu hata kabla ya panya na ukame kuchukua haki yao. Tukitia tatu, matupu yangekuwa kama 7. Niliurudisha mfuko dukani. Mwenye duka aliitazama lebo, akanitazama mimi, akaniuliza kama tulizichemsha. Fedha hakurudisha.

Mama mdogo hakugombana. Alipanda darini akashusha mahindi yake ya mwaka uliopita, mbegu ya zamani isiyo chotara, akahesabu punje 100, akakilowesha kitambaa upya. Masika ilikuwa bado wiki tatu, na juma moja la kungoja aliliona si kitu. Zilipoota 83, zile za dukani tulizitia tatutatu upande wa njia, na zake mbilimbili upande wa mlima wa Vidunda.